Sikio la Fundi wa Reli

Milima ya Uluguru ndiyo inayomwambia msafiri kwamba Morogoro imekaribia. Treni ya umeme ikishaiacha Ngerengere, milima inajitokeza upande wa kushoto, kwanza kwa mbali kama kivuli cha mvua, halafu kijani kibichi, vilele vikiwa vimejifunika mawingu. Kutoka Dar es Salaam ni chini ya saa mbili. Treni hizi zilianza kubeba abiria Juni 2024, na watu wamekwisha kuzizoea: wanaketi, wanachaji simu, wanasinzia kidogo, wanashuka.

Lakini ukikaa dirishani, kuna mahali utaiona reli nyingine. Ni ile ya zamani, yenye upana wa mita moja, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Pembeni majani yameipanda, na mataruma yake yamezeeka. Hata hivyo haijafa. Mizigo bado inapita juu yake, na wapo abiria wa bara ambao mpaka leo hawana reli nyingine. Mtu niliyekuwa nakwenda kumsomea arobaini alipata riziki yake kwenye reli hiyo kwa miaka 40.

Alikuwa mjomba wangu. Alikuwa fundi wa injini za treni, baba wa watoto watano, na mpenzi wa muziki wa dansi. Jina lake silitaji kwa kuwa wanawe wameomba hivyo, na ombi lao nimelipokea. Hakuwahi kutokea gazetini, wala hakuna barabara itakayoitwa kwa jina lake. Naandika juu yake kwa sababu nchi hii imesukumwa na watu wa aina yake kwa miaka mingi, na wengi wao sasa wanaondoka.

Stesheni mpya iko nje ya katikati ya mji. Nilipanda bajaji, tukapita Msamvu penye mabasi ya kwenda Dodoma, Iringa na Mbeya, tukaingia mjini. Wenyeji huuita mji wao "mji kasoro bahari", na husema hivyo kwa fahari, maana kila kitu kingine wanaona wanacho. Ukifika Soko Kuu la Chifu Kingalu asubuhi utawaelewa. Karoti, kabichi na njegere zimeshuka kutoka Mgeta usiku, bado zina umande. Ndizi na nanasi zimetoka Matombo na Mkuyuni. Wanawake wa milimani wanatua matenga, wanajifuta jasho kwa ncha ya kanga, wanaanza kupanga mafungu. Maji ya mjini yanatoka kwenye mito ya milima hiyohiyo. Morogoro inakula na kunywa kutoka Uluguru, lakini kwa muda mrefu mishahara yake ilitoka chini, kwenye mkonge, viwandani na relini.

Nyumba ya mjomba iko Mwembesongo, si mbali na reli. Nilikuta turubai limeshatandazwa uani, majamvi yametandikwa, na akina mama wanachambua mchele wa pilau kwenye nyungo. Nikawaamkia wakubwa, nikapokewa mkoba, nikaingia ndani kumpa pole mkaza mjomba wangu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, amejitanda kaniki, mgongo ameuegemeza ukutani.

"Umefika, mwanangu," aliniambia. "Mjomba wako angekuuliza kwanza kama treni imefika kwa wakati."

Ukutani, juu ya meza ndogo, kilikuwapo kitu kimefunikwa kanga iliyokunjwa vizuri. Nilijua ni nini. Ilikuwa redio yake aina ya National yenye sehemu ya kanda, na chini yake masanduku ya mbao aliyoyaranda mwenyewe yenye kanda zake zote. Tangu siku aliyofariki hapakupigwa muziki katika nyumba ile, kama ilivyo desturi ya msiba. Mkaza mjomba alisema jambo hilo ndilo lililomfanya aamini kwamba mumewe hayupo. Kwa miaka yote ya ndoa yao, kila alfajiri baada ya sala, sauti ya kwanza katika nyumba ile ilikuwa redio.

Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba si ndugu wa kutembelewa Idi kwa Idi. Ndiye mwenye neno kwenye mahari, ada za shule na ugomvi wa ndugu. Mjomba wangu alibeba mizigo miwili: watoto wake mwenyewe, na sisi watoto wa dada zake. Tulikuwa wengi, na mshahara ulikuwa wa fundi. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Njia aliyoitumia tuliijua tukiwa watu wazima. Jioni, akishatoka kazini, alitengeneza pasi, majiko ya mafuta ya taa, redio na cherehani za mtaa mzima, na fedha ya cherehani ilikuwa na kopo lake la ada.

Alizaliwa Mkuyuni, kwenye miguu ya Uluguru, mwaka 1951. Alipofikisha umri wa kwenda shule ya kati aliletwa mjini kukaa na mjomba wake, ambaye naye alikuwa kibarua wa reli. Hapo ndipo alipokutana na mambo mawili yaliyomchukua maisha yote: injini na magitaa.

Morogoro ya miaka ya 1960 ilikuwa mji mdogo wenye muziki mkubwa. Morogoro Jazz ilikuwapo tangu 1944. Salum Abdallah naye alikuwa na Cuban Marimba, bendi iliyochukua mapigo ya Kuba kutoka kwenye santuri na kuyatia Kiswahili mpaka yakawa ya hapa. Wapenzi wa bendi hizi mbili waligawana mji. Watoto hawakuruhusiwa ukumbini, kwa hiyo mjomba na wenzake walisimama nje ya dirisha, wakasikiliza huku mbu wakiwauma. Novemba 1965 Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari. Mjomba alikuwa na miaka 14, na mpaka uzeeni aliweza kueleza jinsi watu wazima walivyokuwa wakilia barabarani. Juma Kilaza akaishika Cuban Marimba, na upande wa pili kijana Mbaraka Mwinshehe akapanda katika Morogoro Jazz na gitaa lake la solo. Mwaka 1970 Mbaraka na bendi yake walikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70. Mwaka 1973 alitoka, akaunda Super Volcano.

Mjomba aliingia reli kama mwanagenzi mwaka 1971, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Alipelekwa Nairobi kusoma, kwa sababu karakana kuu na chuo vilikuwa huko. Huko akagundua jambo lililomshangaza: santuri za bendi za mji wake mwenyewe zilikuwa zimejaa madukani River Road. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo hizo zikabaki kwenye kanda za redio, ama zilivuka mpaka zikarekodi Nairobi na santuri zikachapwa huko. Mwanagenzi wa Kiluguru akawa ananunua sauti za Morogoro kwa shilingi za posho yake, mamia ya kilomita kutoka Morogoro, anazileta nyumbani akiwa amezifunga ndani ya nguo zisivunjike.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka 1983. Mjomba alikuwa akisema kwamba mwaka huo alinyang'anywa vitu viwili kwa siku moja. Spea za injini zilikuwa zikitoka Nairobi, na santuri zilikuwa zikitoka Nairobi. Kuanzia hapo, kama kifaa kimekatika, utakiunga. Kama hakiungiki, utakichonga kipya. Kama santuri imechakaa, utatafuta aliye nayo nzima uinakili kwenye kanda. Ukitaka kumwelewa mjomba kama fundi na kama mpenzi wa muziki, anzia mwaka huo.

Asubuhi ya pili fundi mmoja mstaafu, mwenzake wa zamu kwa miaka mingi, alinipeleka kwenye karakana ya reli walikofanya kazi, baada ya kuniombea ruhusa. Ni jengo refu la bati na chuma, reli zinaingia ndani mpaka mwisho. Kati ya reli kuna mashimo marefu, ambamo fundi hushuka na kusimama wima chini ya tumbo la injini. Harufu ni ya dizeli, grisi na chuma kilichochomelewa. Juu kabisa kuna kreni inayotembea kutoka ukuta hadi ukuta, ambayo hunyanyua injini nzima ya dizeli kutoka kwenye kichwa cha treni na kuiweka sakafuni ikafunguliwe. Upande mmoja kuna mashine za kukereza magurudumu. Gurudumu la treni huliwa taratibu na reli mpaka ukingo wake unakuwa mwembamba, na ukiuacha hivyo treni itaacha njia kwenye kona. Hukerezwa kwa kuondoa chuma kidogokidogo, likarudishiwa umbo lake.

Mzee yule alinionyesha mahali mjomba alipokuwa akisimama. Alikuwa fundi wa injini za aina ya 88, zilizotoka Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1970, na za aina ya 73, zilizotoka India miaka michache baadaye. Za 88 zina silinda 12, za 73 zina 6, na ukoo wao ni mmoja.

"Kijana," aliniambia, "siku hizi wana kompyuta ya kuwaambia silinda gani inaumwa. Sisi tulikuwa na mjomba wako."

Akachukua bisibisi ndefu kwenye benchi ya kazi. Mjomba alikuwa akiiweka ncha yake juu ya kifuniko cha silinda, mpini akiubana kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, akifumba macho huku injini inanguruma. Chuma hupitisha sauti vizuri kuliko hewa. Valvu iliyolegea inagonga kwa namna yake, nozeli iliyoziba ina pumzi yake, na pistoni iliyoanza kukwaruza ina mlio mwingine. Akihama kutoka silinda moja hadi nyingine, akifika kwenye mbovu ananyoosha kidole bila kusema neno. Wanafungua, wanaikuta. Mzee alisema hakumbuki siku waliyofungua wakakuta siyo.

Sikio hilohilo ndilo alilosikilizia dansi. Nilipokuwa mdogo alinikalisha mbele ya redio, akaniambia nisisikilize wimbo wote kwa mpigo. Nitafute kwanza besi, nikae nayo mpaka nisiipoteze. Halafu nitafute ridhimu. Halafu solo la pili, linalojibizana na solo la kwanza. Mwisho nisikilize tumba, ambazo watu wengi hawazisikii mpaka zinyamaze. Alimjua mpigaji kwa jinsi anavyoligusa gitaa, kabla mtangazaji hajataja bendi. Alisema wimbo wa dansi wa zamani hujengwa kwa subira: unaanza polepole, maneno yanasemwa, kisa kinaeleweka, na wakati wa chemko ukifika kila chombo kimekwisha kujua nafasi yake. Fundi anayefunga injini kwa pupa, alisema, angefaa akae na wimbo kama huo mpaka ajue kusubiri.

Vijana wa leo huenda wasijue kwamba dansi na kazi vilikuwa ndugu. Bendi nyingi kubwa zililelewa na mahali pa kazi. NUTA Jazz iliundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na ndiyo iliyokuja kuwa Msondo Ngoma. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki. Bima Lee ilikuwa ya shirika la bima. Mlimani Park, wazee wa Sikinde, ilianza 1978, baadaye ikachukuliwa na shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi, magereza yalikuwa na bendi. Magitaa yalikuwa mali ya chama au shirika, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Kwa hiyo fundi aliyetoka kazini Jumamosi akaenda dansini hakuwa ametoroka maisha yake. Alikuwa anasikiliza wafanyakazi wenzake.

Mkaza mjomba alinisimulia usiku, wengine wakiwa wamelala. Mwisho wa mwezi, mshahara ukishagawanywa kwenye makopo yake, kopo la ada, la chakula, la mgonjwa, kilichobaki kikitosha tiketi mbili walikwenda. Hakumwacha nyumbani hata mara moja. Alivaa suruali ya tetroni iliyopigwa pasi ikasimama, na viatu alivyovisugua tangu mchana. Hakuwa mcheza mbwembwe. Alicheza taratibu, mkono mmoja mgongoni kwa mkewe, macho kwa wapiga magitaa. Wimbo ukiisha alipiga makofi kwa wanamuziki, halafu akamgeukia mkewe akamshukuru. "Kila wimbo," mkaza mjomba alisema, "alinishukuru."

Januari 1979 Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Mjomba alikuwa kazini. Mzee mwenzake anakumbuka kwamba mtu alikuja mbio kutoka ofisini walikokuwa na redio, akasimama mlangoni mwa karakana akasema. Nchi ilikuwa vitani na Idi Amin, habari mbaya zilikuwa nyingi, lakini hiyo iliwapiga mafundi wa Morogoro pigo la peke yake. Mjomba alimaliza kufunga alichokuwa anafunga, akanawa mikono, akaketi nje juu ya seti ya magurudumu mpaka zamu ikaisha. Sikumwuliza zaidi mzee yule. Aliyasema hayo huku akiyaangalia magurudumu.

Ndani ya nyumba, mtoto wake wa kwanza aliniletea daftari. Ni lile kubwa lenye jalada gumu la kuandikia hesabu za duka, kingo zimeshika mafuta. Ukilifungua mbele, ni kazi. Ameandika namba ya injini, tarehe, kilichoharibika, kilichofanyika, na mwisho sababu. Aliiandika sababu kila mara, hata pale ambapo fomu ya ofisini haikuuliza. Ukiligeuza na kulifungua nyuma, ni muziki. Ameandika bendi, wimbo, nani anaimba, nani yuko kwenye solo, tarehe aliyourekodi kutoka redioni, na hali ya kanda. Kurasa za mbele na za nyuma zinaendelea kusogeleana mpaka zimebakiza karatasi chache katikati.

Katika kurasa za muziki kuna maelekezo aliyojiandikia. Kichwa cha redio kisafishwe kwa pamba na spiriti kila baada ya kanda kadhaa, maana unga wa kanda ukiganda pale sauti inafifia na watu wanadhani wimbo umekwisha. Kanda isiachwe katikati, irudishwe mwanzo. Isiwekwe karibu na spika, kwa kuwa sumaku inafuta. Isikae juani. Kila mwaka kila kanda ipigwe japo mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho, ili isishikane. Kanda iliyokatika ikatwe kwa wembe, ncha zikutanishwe zisipandane, gundi ya karatasi ibandikwe upande wa mgongo tu. Nilimwona akifanya kazi hiyo mara nyingi, miwani puani, kalamu ya Bic ikizungusha kigurudumu cha kanda taratibu. Katika miaka ya shida ya mwanzo wa 1980, sabuni ilipokuwa ya foleni na betri haziko madukani, betri zilizochoka alizianika juani ukutani, akazigeuza mchana, jioni zikampa nguvu ya kusikiliza Radio Tanzania kwa muda mfupi. Huo muda mfupi aliurekodi kichwani, akaandika daftarini.

Kuna ukurasa mmoja upande wa mbele hauna namba ya injini. Una tarehe tu: Juni 24, 2002. Siku hiyo treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima karibu na Igandu, mkoani Dodoma, ilishindwa, ikarudi nyuma kwa kasi ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Chini ya tarehe mjomba ameandika sentensi moja, kwamba breki ikaguliwe kama vile mwanao yumo ndani. Wanawe wanasema kuanzia mwezi huo alikuwa akirudi nyumbani amechelewa, na wakimwuliza anasema kuna kitu alikuwa anakiangalia mara ya pili.

Matengenezo ni kazi isiyoonekana ikifanywa vizuri. Treni ikifika salama, abiria humshukuru Mungu na dereva. Hakuna anayejua kwamba usiku mtu alishuka shimoni na taa, akakuta kiatu cha breki kimeliwa, akakibadilisha. Huonekana tu siku inapokosekana. Mjomba aliyajua hayo na hakuyalalamikia. Mwaka 2007 reli ilipokodishwa kwa mwekezaji, na baadaye serikali ilipoirudisha mikononi mwake, yeye alikuwa shimoni. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ziliposomba njia kati ya Kilosa na Gulwe, yeye alikuwa akizitayarisha injini za treni za kubeba udongo na mawe. Alistaafu 2011 kwa mkono wa kwaheri na picha ya pamoja.

Siku ya arobaini ua ulijaa. Khitma ilisomwa, dua ikaombwa, pilau ikaliwa. Walikuja mafundi wastaafu, wengine wakishikwa mkono na wajukuu. Walikuja mama wauza vitumbua ambao majiko yao aliyatengeneza, na vijana wa kisasa wa reli ya umeme ambao aliwahi kuwafundisha kushika spana. Baada ya watu kutawanyika kilikaa kikao cha ukoo. Nguo zikagawanywa, vifaa vya kazi akapewa mtoto wa kiume wa tatu, ambaye ni fundi wa pampu za maji. Ulipofika wakati wa kanda, kila mtu alitaka kumbukumbu yake. Mkaza mjomba akakataa. Alisema kanda zikigawanywa zitakufa moja moja katika nyumba mbalimbali, kwa sababu hakuna atakayekumbuka kuzipiga. Zikae pamoja, na daftari likae nazo. Kikao kikakubali. Mjukuu anayesoma mambo ya kompyuta amekabidhiwa kazi ya kuzinakili zote, kwa mpangilio wa babu yake, na kila wimbo uandikwe majina ya wapigaji kama alivyoyaandika yeye.

Nimeondoka Morogoro na imani moja ninayotaka kuisema wazi. Tunawasifu waliojenga na waliozindua, na wanastahili. Ila kitu chochote kinachoishi miaka 100 katika nchi hii, iwe reli au wimbo, kinaishi kwa sababu kuna watu walikitunza baada ya sherehe za uzinduzi. Kanda za Radio Tanzania zilizoko sasa TBC ni hazina ya taifa, na zinachakaa kwa kanuni zilezile alizoziandika mjomba: joto, unyevu, vumbi na kutopigwa. Zinahitaji fedha, mitambo na vijana wenye ujuzi, na zinahitaji hayo sasa. Karakana zetu nazo zinahitaji kwamba kila mzee anayestaafu awe amekaa na kijana kwa muda wa kutosha, na alichokijua kiandikwe.

Nawe msomaji, kama kwenu kuna sanduku la kanda au santuri za zamani, usilitupe na usiligawe. Lisafishe, usiliache juani, mtafute anayejua kunakili. Na kama mwenye sanduku hilo bado yu hai, nenda ukaketi naye wiki hii, muulize nani anapiga solo na nani anapiga besi, muulize alikuwa akifanya kazi gani na aliifanyaje, uandike majibu yake yote kwenye daftari lenye jalada gumu.